Jinsi ya Kumpima Kiongozi wa Dini Kabla ya Kumkabidhi Fedha, Siri na Familia Yako

Kwa miaka tisa nilikuwa mmoja wa watu watatu waliohesabu sadaka katika usharika wetu kila Jumapili baada ya ibada ya pili. Tulikaa kwenye meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua, tukazikunjua noti zilizokunjwa mara nne hadi zikafanana na hirizi, tukazipanga sarafu kwa mafungu ya kumi kumi, na baada ya kukubaliana jumla tulitia saini sote watatu kwenye kitabu kabla kasha halijafungwa. Katika kipindi hicho tulihudumiwa na wachungaji wawili. Wa kwanza hakuwahi kuingia chumba kile fedha zikiwa mezani. Akihitaji nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, aliandika ombi kama mtu mwingine yeyote na kusubiri liidhinishwe. Wa pili alikuwa na desturi ya kupita tukiwa bado tunahesabu, kuchota noti chache za juu na kusema kwa upole, "Hizi ni za mafuta ya gari, wapendwa, andikeni zilizobaki." Ukiniuliza ni yupi aliyehubiri vizuri zaidi, nitakujibu bila kusita kwamba ni wa pili, tena kwa mbali. Kwenye mahubiri yake watu walilia, nami nililia pamoja nao.

Mwongozo huu umetokana na meza hiyo. Nilichojifunza pale ni kwamba kiongozi wa dini hapimwi mimbarini, kwa sababu mimbarini anatazamwa na kila mtu, bali hupimwa mahali ambapo macho ni machache na nafasi ya kujinufaisha ni kubwa. Naandika kwa ajili ya Mkristo na Mwislamu pia, maana shemeji yangu ni mweka hazina wa msikiti wa mtaani kwao, na kila tunapokutana sikukuu tunagundua kwamba matatizo yetu ni yale yale, yamebadilisha kanzu tu.

Hatua ya kwanza: Ondoa vipimo visivyopima kitu

Anza kwa kuweka kando mambo ambayo watu wengi huyatumia kama ushahidi. Ufasaha ni kipaji, na kipaji hakina dini. Wingi wa waumini unaonyesha kwamba mtu anajua kuvuta watu, jambo ambalo mpiga debe wa stendi analijua pia.

Elimu inahitaji maelezo marefu kidogo. Mwaka 2018 Rwanda ilipitisha sheria inayowataka viongozi wa makanisa na misikiti wawe na elimu ya chuo kikuu katika mambo ya dini, baada ya kufunga mamia ya nyumba za ibada. Nia yake inaeleweka, kwa kuwa mtu anayeijua lugha na historia ya kitabu chake hababaishwi wala hababaishi kirahisi. Hata hivyo Rwanda yenyewe ndiyo inayotufundisha kwamba shahada haitoshi. Padri Athanase Seromba alipitia seminari na kupewa daraja na kanisa kongwe kuliko yote nchini humo, lakini Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya parokia ya Nyange ya Aprili 1994, ambako kanisa lilibomolewa kwa buldoza huku Watutsi wapatao 1,500 wakiwa wamejihifadhi ndani yake. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilikigeuza kuwa kifungo cha maisha. Wale waliokimbilia kanisani walikuwa wamempima kwa joho lake.

Idhini ya serikali nayo uichukue kwa kiasi. Usajili ni jambo la lazima, na nitaeleza hapa chini jinsi ya kuuthibitisha, lakini hasira ya serikali dhidi ya kiongozi haithibitishi kwamba ni tapeli, kama vile kukaa kwake meza kuu kwenye sherehe za kitaifa hakuthibitishi kwamba ni mwema. Juni 2025 Tanzania ilifuta usajili wa kanisa moja kubwa baada ya kiongozi wake kukemea hadharani utekaji wa watu. Utakavyomwona kiongozi huyo ni juu yako, ila mwono huo uutoe kwenye mambo mengine, usiutoe kwenye barua ya Msajili.

Hatua ya pili: Fuata fedha mpaka zinapoishia

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo penye ushahidi unaoshikika mkononi.

Kwanza tuwe waadilifu. Kiongozi wa dini kula kutokana na kazi yake si kosa. Injili ya Luka inasema mtenda kazi anastahili ujira wake, na Qurani katika Sura ya Tawba, aya ya 60, inapoyataja makundi manane yanayostahili zaka, inawataja pia wanaozitumikia hizo zaka. Imamu anayeamka saa kumi usiku kila siku ya mwaka ana haki ya kuishi. Unachopaswa kuuliza ni nani alipanga kiasi anacholipwa, kiasi hicho kinajulikana na nani, na je, kuna kinachoingia mfukoni mwake nje ya hicho.

Kipimo cha kwanza ni jina la mpokeaji. Siku hizi sadaka nyingi hutumwa kwa simu. Unapoweka namba uliyoonyeshwa kwenye bango au televisheni, jina la mpokeaji huonekana wakati wa muamala. Huko Tanzania kwa kawaida utaliona kabla hujaweka namba ya siri. Ukikuta jina la taasisi, endelea na vipimo vingine. Ukikuta jina la mtumishi mwenyewe, la mkewe au la kijana wake wa kiume, tambua kwamba unampa mtu zawadi binafsi, na ukubali kuitoa kwa jina hilo au uache.

Cha pili ni hati ya kiwanja. Waulize wazee wa kanisa au kamati ya msikiti ardhi iliyojengewa ipo kwa jina la nani. Nchini Tanzania jumuiya ya kidini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na bodi yake ya wadhamini husajiliwa RITA, ambayo ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kenya kazi ya kusajili hufanywa na Msajili wa Vyama, na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mali iliyonunuliwa kwa michango ya waumini inatakiwa iwe mikononi mwa wadhamini hao. Nimeona kanisa lililojengwa kwa matofali ya harambee kwa miaka saba likipigwa bei na watoto wa marehemu mwanzilishi, kwa sababu hati ilikuwa ya baba yao na hakuna aliyewahi kuomba kuiona.

Cha tatu ni meza yenyewe ya kuhesabia. Uliza fedha huhesabiwa na watu wangapi, kama wana undugu, na kama kiongozi huwapo. Jambo hili halikuletwa na wahasibu wa kisasa. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alipeleka pamoja na fedha hizo watu wengine waliochaguliwa na makanisa yenyewe, na katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza sababu waziwazi: hakutaka mtu yeyote amlaumu kwa habari ya fedha hizo. Kama Paulo hakuona kwamba jina lake linatosha, sielewi ni mtume gani wa leo anayeweza kusema lake linatosha.

Wakati yule mchungaji wetu alipokuwa akichota noti zake, mzee mmoja tuliyekuwa naye mezani alikuwa akinong'ona, "Uma wa meno matatu." Nilichelewa kumwelewa. Ni habari ya Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, katika Samweli wa Kwanza sura ya 2. Makuhani walikuwa na fungu lao halali katika kila dhabihu. Kosa la hawa lilikuwa kumtuma mtumishi mwenye uma wa meno matatu kuchoma nyama sufuriani, na kudai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa ajili ya Mungu, na aliyesema wangoje aliambiwa itatwaliwa kwa nguvu. Waliiba kwa kutangulia. Fedha inayochukuliwa kabla ya kuhesabiwa haina mahali popote itakapoonekana imepungua.

Kwa upande wa Waislamu, shemeji yangu hupenda kunikumbusha hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtu huyu alitumwa na Mtume Muhammad kukusanya zaka, akarudi akisema, "Hizi ni zenu, na hizi nimezawadiwa mimi." Mtume alipanda mimbari na kuuliza mbele ya watu kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Swali hilo ni zuri kulitumia juu ya gari ambalo waumini wamemnunulia kiongozi wakati choo cha madrasa kimebomoka: kama angekuwa fundi seremala, je, wangemzawadia?

Cha nne ni namna ya kuomba. Kuna tofauti kubwa kati ya kuwaambia watu kwamba bati la msikiti linavuja na zinahitajika shilingi milioni mbili, na kuwasimamisha waumini kwa madaraja, wenye milioni waje mbele, wenye laki tano wafuatie, mpaka mwenye elfu tano abaki kwenye kiti akitazama viatu vyake. Anayefanya hili la pili ananadi. Akiongeza kwamba asiyetoa atapigwa na laana, au kwamba kiasi fulani kamili ndicho kinachofungua baraka fulani, ameacha kuomba na ameanza kuuza.

Wahubiri wa namna hii wana aya zao pendwa, na ni vizuri ukazisoma pamoja na zile zilizo jirani yake. Malaki 3 husomwa kila mara kuhusu zaka kamili ghalani, lakini sura ya 2 ya kitabu hicho hicho huanza kwa kuwageukia makuhani na kuwaambia kwamba amri inawahusu wao. Mjane aliyetoa senti zake mbili katika Marko 12 husifiwa sana mimbarini. Mstari unaotangulia habari yake, wa 40, unawashutumu walimu wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Sijawahi kusikia mahubiri ya harambee yaliyoanzia mstari wa 40.

Nina jirani, mama fundi cherehani, ambaye aliambiwa apande mbegu itakayomuuma ili mwanawe apate kazi nje ya nchi. Alichokuwa nacho cha kumuuma ni cherehani chake cha miguu, chenye meza ya mbao iliyochakaa mahali pale pale anapoegemeza kiwiko. Alikiuza kwa bei ya haraka na kutuma fedha zote jioni ile. Nilimkuta kesho yake akishona zipu ya sketi ya mteja kwa mkono, akiwa na furaha ya kweli, akanieleza kwamba amepata amani. Naitaja furaha hiyo makusudi, kwa sababu watu hudhani anayetapeliwa hujisikia vibaya. Hujisikia vizuri sana kwa majuma kadhaa.

Kuna andiko la kale liitwalo Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambalo wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Linawaelekeza Wakristo wa mwanzo jinsi ya kuwapokea mitume na manabii wanaosafiri: apokewe kama Bwana, apewe mkate wa kumfikisha anakokwenda kulala, lakini akikaa siku tatu, au akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii anayeagiza meza iandaliwe akiwa katika roho, kisha akaila mwenyewe, naye ni wa uongo. Halafu linaongeza jambo ambalo mimi huliona kuwa ufunguo wa hatua hii nzima: akisema mpeni mwingine mwenye shida, mtu yeyote asimhukumu. Qurani nayo, katika Sura ya Yasin, aya ya 21, inamnukuu mtu aliyewasihi watu wa mji wake wawafuate wale wasiowaomba ujira, nao wameongoka.

Hatua ya tatu: Uliza swali moja, kisha usikilize jibu linavyotolewa

Chagua swali dogo ambalo lina jibu, ulipeleke kwa adabu, na usilipeleke mbele za watu. Kwa mchungaji unaweza kusema, "Baba Mchungaji, shikamoo. Nimekuwa nikichangia ujenzi tangu mwaka jana, naomba kuona taarifa ya mapato na matumizi ili niwaeleze na wenzangu." Kwa imamu, "Assalamu alaykum, sheikh. Naomba kufahamu kamati ya msikiti hukutana lini na hesabu za mwaka husomwa wapi." Hakuna tusi humo wala mtego.

Kiongozi mwema anaweza kukosa taarifa hiyo siku ile. Wengi wao si watu wa makaratasi, na nimewahi kuona hesabu za uaminifu mtupu zikiwa zimeandikwa nyuma ya kalenda. Atakwambia subiri, au nenda kwa mweka hazina, au atakiri kwamba hazijaandaliwa na kwamba ni kosa. Unachopaswa kukiogopa ni jibu linaloacha swali na kukushika wewe: imani yako imepungua, umetumwa na adui, roho ya uasi imekuingia. Ukisikia swali la risiti limejibiwa kwa habari ya roho yako, basi jibu umeshalipata.

Ngao inayotumika sana hapa kwa Wakristo ni Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu." Isome yote. Maneno yale waliambiwa wafalme, na waliokuwa wakilindwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni wanaohamahama kutoka taifa hadi taifa. Aya iliyomlinda msafiri asiye na kitu dhidi ya mfalme imegeuzwa kumlinda mtu mwenye walinzi wanne dhidi ya mama anayeuliza cherehani chake kimefanya kazi gani.

Mfano wa jibu jema upo kwenye vitabu hivyo hivyo. Samweli, alipozeeka, aliwakusanya Waisraeli na kuwaomba wamshuhudie: ametwaa ng'ombe wa nani, ametwaa punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa mkononi mwa nani, naye atawarudishia. Abu Bakr, aliposhika ukhalifa mwaka 632, aliwaambia Waislamu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Wote wawili waliita ukaguzi kabla hawajaombwa.

Hatua ya nne: Mtazame siku isiyo na faida

Chunguza anakwenda kwa nani. Katika mwaka mmoja utapata nafasi ya kuona misiba ya matajiri na misiba ya maskini, na si lazima uandike popote; kumbuka tu kiongozi wako alifika ipi, alikaa muda gani, na kama alitangulia kuuliza nani atakuwepo.

Lamu wanamkumbuka Habib Swaleh, sharifu aliyefika mjini hapo kutoka Ngazija akiwa kijana. Kwa nasaba yake angeweza kuishi kwa kubusiwa mkono na wenye mji, lakini alikwenda kukaa na kuwafundisha dini watu wa tabaka la chini na waliotoka utumwani, ambao wakubwa wa mji hawakuona sababu ya kuwasomesha, na kwa jambo hilo walimchukia. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Msikiti wa Riyadha. Alifariki mwaka 1935, na Maulidi ya Lamu yanayovuta watu kila mwaka yanatoka kwenye msikiti huo huo.

Wasomaji wa Kongo watamkumbuka Christophe Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu. Oktoba 1996, vita vilipoukaribia mji, wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi walikimbia. Yeye alikuwa na njia ya kuondoka na akabaki na watu, akiendelea kuwasihi wasijengeane chuki na kuwatetea wakimbizi ambao wakati huo hawakuwa na mtetezi. Aliuawa barabarani tarehe 29 Oktoba. Sisemi kiongozi mwema lazima auawe. Nasema kwamba mtu kama huyu humtambui kwa kumtazama siku ya sherehe.

Hatua ya tano: Chukua tahadhari na miujiza, hasa ya tiba

Mimi naamini katika maombi, na sitamwambia mtu asiombewe wala asisomewe kisomo. Kanuni yangu ni moja: anayekuombea aombe, na dawa uliyopewa hospitali uendelee kuimeza mpaka daktari aseme vinginevyo baada ya kukupima.

Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliwavuta maelfu ya watu hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, wagonjwa walifia njiani, na wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao za kila siku kwa kuamini wamepona. Najua watu wema waliotetea tukio lile kwa hoja kwamba shilingi 500 si bei ya tapeli. Ni kweli, na ndiyo maana mfano huu una thamani: mtu anaweza asitafute utajiri na bado akaongoza watu mahali pa hatari. Usafi wa nia ya kiongozi haupunguzi virusi kwenye damu.

Wengine nia yao haina utata. Mwaka 2014 televisheni ya Kenya iliwaonyesha watazamaji jinsi mhubiri mmoja alivyowaosha watu miguu kwa maji yenye kemikali ya pamanganeti ya potasiamu ili yageuke rangi na kuonekana kama damu ya kimuujiza, huku waumini wakitakiwa kutuma mbegu ya shilingi 310. Na tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Kwenye mikutano ya aina hiyo, kabla hujakaa, angalia milango ni mingapi.

Kwa Waislamu hatari hii huja kimyakimya zaidi, kwenye chumba cha ustadhi mwenye kombe, hirizi na kitabu cha falaki. Alama ya kumtambua anayejinufaisha ni kwamba kila tatizo unalompelekea linaishia kwa mtu mwenye jina: shangazi yako amekufunga, jirani amekutupia jini. Kisomo cha kweli hukuacha ukiwa na ndugu wale wale uliokuja nao.

Hatua ya sita: Faragha na watoto

Hapa sitarefusha, kwa kuwa hakuna cha kujadili. Ushauri wa kiroho hufanywa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuona. Mlango ubaki wazi au awepo mama wa kanisa au mke wa ustadhi. Kiongozi anayetaka maombi ya usiku na binti peke yake, anayegusa mwili kwa kisingizio cha kutoa pepo, au anayemwambia mtoto asiwaambie wazazi, asipewe onyo la pili. Tanzania nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 hupokea taarifa za watoto Tanzania na Kenya. Usikubali jambo hilo limalizwe na kikao cha wazee, hata kama wazee hao ni ndugu zako.

Hatua ya saba: Angalia anachodai kinaelekea wapi

Kikundi kinachoishia makaburini hakianzi kwa kuomba roho yako. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa kikundi cha Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali zao na kukabidhi fedha, wakahamia kambini, wakawekewa miiko hata ya kuzungumza. Walitangaziwa mwisho wa dunia utakuja mwaka 1999 unapoisha. Haukuja, na wafuasi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lilichomwa moto watu wakiwa ndani, na baadaye yakapatikana makaburi mengine. Waliokufa ni mamia.

Shakahola, nchini Kenya, ilifuata mkondo huo huo. Kabla ya mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilianza kufukuliwa katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, mhubiri aliyewaongoza, Paul Mackenzie, alikuwa amewahi kushtakiwa mwaka 2017 kwa mambo yaliyogusa pia watoto kunyimwa shule. Shule ilitangulia, hospitali ikafuata, kisha vyeti na vitambulisho vikaitwa vya shetani, kisha watu wakahamia porini mbali na jamaa zao, na kufunga kukaja mwisho.

Kwa hiyo andika kwenye daftari, kwa tarehe, kila jambo jipya ambalo kiongozi amelitaka. Ukiona orodha inaelekea kukutenga na shule, daktari, kazi au mama yako mzazi, usisubiri dai linalofuata.

Hatua ya nane: Pima na ulimi wako mwenyewe

Uvumi juu ya viongozi wa dini ni mtamu, na mwema huumizwa nao kuliko mwovu, kwa sababu mwovu ana wapambe. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unakataza kupokea mashtaka dhidi ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu, na Sura ya Hujurat inaamrisha habari ichunguzwe kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Tofautisha ulichokiona, ulichoambiwa na ulichokisia. Mchungaji mwenye nyumba nzuri huenda ana mke mfanyabiashara.

Hatua ya tisa: Ukiamua kuondoka

Anza na fedha: simamisha michango kimya kimya, na usisaini karatasi yoyote ya ahadi, ya mkopo wa kikundi wala ya kiwanja. Kusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho na hati, uviweke kwa ndugu asiye wa kundi hilo. Hifadhi jumbe za miamala ya simu. Ukifika kwa wadhamini, kwa Msajili au polisi, hizo ndizo zitakazokusemea. Mweleze mtu mmoja unayemwamini tarehe unayokusudia kuacha kwenda. Usiwe na haja ya kutoa hotuba ya kuaga.

Jirani yangu alifanya hivyo kwa mpangilio huo. Aliacha kutuma fedha, kisha akaacha maombi ya Jumatano, kisha ibada ya Jumapili. Kwa wiki tatu simu zilipigwa kila siku, wakimwita mama yetu mpendwa na kumuuliza amekwazwa na nini. Wiki ya nne aliwaeleza kwamba mwanawe bado yuko nyumbani, kazi za wateja zimeisha kwa kukosa cherehani, na anaomba kanisa limsaidie japo nusu ya fedha zile anunue kingine kilichotumika. Hakuna aliyempigia tena.